Kupima sikoseli kabla ya ndoa: uombe kipimo gani na majibu unayasomaje

Kama mmeshafika hatua ya posa, kabla hata kamati ya harusi haijakaa, nendeni mkapime selimundu (ndo hiyo sikoseli), na muende wote wawili. Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na huu ugonjwa kila mwaka na wazazi wengi wanajua siku mtoto anapovimba vidole na kulia usiku kucha.

Iko hivi. Kila mtu ana jeni mbili za himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu), moja kapewa na baba nyingine na mama. A ni ya kawaida, S ni ile iliyobadilika herufi moja tu kwenye DNA, moja tu jamani, na hiyo inatosha chembe nyekundu zijikunje kama mundu oksijeni ikipungua, zinakwama kwenye mishipa, ndo yale maumivu ya mifupa. SS ndo mgonjwa. AS amebeba tu, anaishi maisha yake kama kawaida, na utotoni hata malaria kali inamsumbua kidogo kuliko wengine, ndo maana jeni hii imejaa huku kwetu kwenye mbu (mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo 1954).

Sasa maabara ndo watu wanapokosea. Ukisema tu "nataka kupima sikoseli" unaweza kufanyiwa kile cha haraka, tone la damu linachanganywa na dawa wanaangalia kwenye hadubini kama chembe zinajikunja. Kile kinasema S ipo au haipo, basi, hakitenganishi AS na SS. Binamu yangu aliandikiwa "positivu" akalia wiki nzima akijua anaumwa, hakuna aliyemwelewesha, kumbe ni AS. Nyie ombeni elektroforesisi ya himoglobini au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini. Kama hapo hawana, waulize sampuli wanapeleka wapi.

Damu inachukuliwa kidogo mkononi, kwenye kichupa cha mfuniko wa zambarau, wala huhitaji kufunga kula. Kwenye elektroforesisi inapitishiwa umeme, A na S zinatembea kwa mwendo tofauti kwahiyo zinajitenga, mwanakemia Linus Pauling na wenzake waliligundua hilo 1949. Ila kama umeongezewa damu ndani ya miezi mitatu iliyopita SEMA, maana A ya aliyekuchangia itaonekana kama yako na majibu yatawadanganya.

Kwenye karatasi, AS utaona A na S zote zipo, A ikiwa nyingi zaidi. SS ambaye hajaongezewa damu hana A kabisa.

Mmoja akiwa AA hamtazaa SS. Ila karatasi ikitaja C (himoglobini nyingine iliyobadilika), au beta thalasemia (himoglobini A kutengenezwa pungufu), hiyo ikikutana na S nayo inaleta ugonjwa, muone daktari. AS na SS, kila mimba ni nusu kwa nusu, AS au SS. AS na AS, kila mimba ina asilimia 25 ya SS, nasema KILA mimba, usidanganywe eti mkishazaa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata watakuwa wazima, kila mimba inaanza upya.

Mkiwa AS wote sitawaambia muachane, hayo ni yenu, ila mjue njia zilizopo. Kuna kupima DNA ya mimba kuanzia kama wiki ya 11, huduma hiyo bado iko sehemu chache. Na mkizaa, mtoto apimwe mapema kwa damu ya kisigino, msikubali kile cha hadubini kwa kichanga maana himoglobini F aliyozaliwa nayo inaficha S na mtaambiwa mzima. Akiwa SS aanze penisilini mapema ya kumkinga na maambukizi, apate chanjo zote, na muulizie haidroksiyurea, dawa ya kupunguza yale maumivu.

Ukikutwa AS waambie na ndugu zako wa tumbo moja wakapime, maana hiyo S imetoka kwa baba au mama na wao wanaweza kuwa nayo.