Kabla ya kufuta chochote kwenye IBM i (mfumo wa uendeshaji wa seva za IBM): mambo ya kuzingatia diski inapojaa

Usianze na RCLSTG, yaani amri ya “Reclaim Storage” (rudisha nafasi). Jina lake linadanganya: kazi yake hasa ni kurekebisha vitu (faili, programu na kadhalika) vilivyoharibika au vilivyopoteza maktaba yake, yaani folda vinamokaa, na nafasi inayorudisha mara nyingi ni ndogo. Tena inadai sabsistemu zote (mazingira ambamo kazi za mfumo huendeshwa) zifungwe kwa ENDSBS, na huweza kuchukua saa nyingi.

Anza kwa kupima. WRKSYSSTS inaonyesha asilimia ya ASP ya mfumo (hodhi ya diski zake) iliyotumika. Kiwango cha tahadhari kwa kawaida ni 90. Kisha endesha RTVDSKINF, inayokusanya taarifa za diski, wakati mfumo umetulia, maana vitu vilivyoshikwa na kazi nyingine huenda visihesabiwe, halafu PRTDSKINF ikuonyeshe maktaba zilizonona.

Mara nyingi mlaji ni risiva za jonali, yaani kumbukumbu zinazoandika kila badiliko la data. Kwenye WRKJRNA, bonyeza F15 uone orodha yake. Ujumbe CPA7025 ukijitokeza unapofuta, maana yake risiva hiyo haijawahi kuhifadhiwa kikamilifu: usijibu I (puuza) kwa mazoea. Ihifadhi kwanza kwenye tepu. Kama kuna seva ya pili inayopokea nakala za data, hakikisha imekwisha kuisoma, la sivyo utalazimika kuisawazisha upya yote.

Kwa faili zenye rekodi nyingi zilizofutwa, DSPFD itakupa idadi, na RGZPFM, amri ya kupanga upya faili, ndiyo dawa. Lakini angalia mitego yake. Kwa njia ya kawaida, RGZPFM hutengeneza nakala ya data inayobaki, kwa hiyo inahitaji nafasi kabla ya kutoa nafasi. Diski iliyofika asilimia 97 inaweza kukwama hapo. Pia hushika faili nzima, watumiaji wakangoja. Kigezo chake ALWCANCEL(*YES) hukuruhusu kuikatisha, ila faili lazima iwe kwenye jonali, na risiva zitavimba kazi ikiendelea: tenga nafasi ya hizo pia. Uliza waandishi wa programu kama kuna inayosoma rekodi kwa namba ya mahali ilipo, kwa sababu namba hizo zitabadilika. Faili inayofutwa rekodi kila siku iwekewe REUSEDLT(*YES), itumie tena nafasi za rekodi zilizofutwa, isijaze tena haraka, mradi hakuna programu inayotegemea mpangilio wa kuingia.

Ripoti za zamani kwenye foleni za kuchapia zifutwe kwa idhini ya wahasibu. RCLSPLSTG haizigusi, huondoa memba tupu tu (sehemu za kuhifadhia zisizo na ripoti).