Kumpokea mtoto kutoka familia iliyolemewa

Mtoto akiletwa kwako kwa sababu nyumbani kumezidiwa (mama ana huzuni ya baada ya kujifungua, baba anauguza mgonjwa, mapacha hawana wa kusaidia kuwabeba), umempokea yeye na mzazi wake. Pangeni siku na saa zisizobadilika. Asubuhi mbili kwa wiki, zilezile, zinamfaa mtoto kuliko saa nyingi za kubahatisha, na mzazi anajua lini atalala au kwenda kliniki.

Andika mapema jina analoitwa nyumbani, kinachombembeleza, mzio, dawa, na nani tu anaruhusiwa kumchukua.

Siku mbili za mwanzo mzazi abaki naye, nusu saa hadi saa nzima. Wewe keti sakafuni hatua mbili kando, ukicheza na kitu, mpaka mtoto akusogelee mwenyewe. Siku ya tatu mzazi aage, atoke dakika 10, arudi. Kisha dakika 30, saa moja, asubuhi nzima. Akilia na kubebwa kusimtulize, rudini hatua moja nyuma. Wa miezi 8 hadi 18 ndio huumia zaidi kuachwa, kwa hiyo msiwaharakishe.

Kinachoharibu zaidi ni mzazi kunyemelea mlango mtoto akiwa amegeuka. Mtoto hujifunza kwamba mama hupotea ghafla, na kesho yake hamwachii nguo tangu nje. Aage kwa maneno machache: "Mama anakwenda, atarudi ukishakula." Na arudi kweli baada ya chakula, maana mtoto wa miaka 2 hajui saa, anajua kula na kulala.

Yuko pia asiyelia kabisa. Usikimbilie kumsifu kwa upole. Huenda amezoea kwamba kilio chake hakimleti mtu. Huyu mjibu hata kwa kidogo: akitazama kikombe, kitaje, akitoa sauti, mrudishie, kisha nyamaza umpe zamu.

Wa chini ya mwaka 1 mlaze chali, godoro gumu, bila mto wala mablanketi yaliyolegea.

Mzazi akija kumchukua, tenga dakika 5 za kuzungumza naye mlangoni. "Kwangu hasumbui hata kidogo" ni sifa inayomchoma mama aliyechoka. Sema, "Mama, leo amesimama akishika kiti. Nyumbani huwa anashika nini?" Hapo yeye ndiye anayemjua mtoto, na kweli ndiye.

Daftarini andika ulichokiona, usiandike ulichokidhania: "Saa 3:40 asubuhi, alama ya bluu, upana wa sarafu, paja la kushoto, mama amesema alianguka kitandani." Ukihofia anaumizwa, toa taarifa siku hiyohiyo kwa wahusika wa ulinzi wa watoto. Mzazi aambiwe tangu mwanzo kwamba siri ya namna hiyo hutaitunza.

Msaada ukikaribia kwisha, punguzeni asubuhi moja kwanza kwa wiki kadhaa, na siku ya mwisho umuage mtoto kwa jina lake.