Unampeleka mgonjwa hospitali Dodoma? Weka sawa majina na simu kabla ya safari

Kibanda changu cha miamala kiko jirani na geti la hospitali hapa Dodoma mjini. Natoa na kuweka pesa, natoa kopi, nachaji simu, nauza vocha na maji ya kunywa. Wagonjwa wanashuka kutoka Bahi, Chemba, Mvumi, Kongwa, na wengi wanapita kwangu kabla hawajamwona daktari, maana siku hizi kwa daktari hufiki mpaka upitie kwenye kompyuta. Zamani watu waliulizana getini kama daktari yupo. Sasa swali la asubuhi ni kama mfumo upo.

Nakuandikia wewe unayemleta mama, babu au shangazi kutoka kijijini. Mambo mengi yanayowakwamisha watu pale mapokezi hayana uhusiano na ugonjwa. Ni herufi za jina na tarakimu, na karibu yote yanaweza kumalizwa nyumbani kabla hamjapanda gari.

Anza na jina

Kusanya kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya bima na kadi ya kliniki, viweke pamoja, kisha soma jina herufi kwa herufi. Sisi Wagogo tunaandika Malia kama tunavyotamka, NIDA wakaandika Maria. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni wanawake wawili, na mmoja wao hana bima.

Baada ya jina, tazama tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Linganisha na tarehe iliyoko kwenye bima. Wazee wetu wengi walizaliwa "mwaka ule wa njaa", kwa hiyo ofisi moja ilikadiria hivi na nyingine vile. Kama hazilingani, nenda ukarekebishe wakati mgonjwa bado anatembea mwenyewe. Kurekebisha huku amelala kwenye benchi ni mateso kwenu wote wawili.

Halafu laini ya simu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wazee wengi wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mjukuu. Kupiga na kupokea hakuna shida, ila siku ya kutoa pesa mimi naona jina la kijana wakati aliyesimama mbele yangu ni bibi, na utaratibu unanitaka nikatae. Nimewahi kununiwa sana kwa hilo.

Namba zote hizo ziandike kwenye karatasi. Picha iliyoko kwenye simu ni nzuri mpaka simu izime, na simu za wagonjwa zikinifikia nyingi zimeshazima.

Bima na kidole

Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyoanza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, watu wengi wanayo na hawajui imeisha lini. Uliza kwa mwandikishaji wa kijiji chako. Uliza pia majina ya wanakaya walioingizwa, maana utakuta aliyeolewa zamani bado yumo na mtoto mdogo hayumo. Kwa habari ya CHF, Dodoma turuhusiwe kujivuna kidogo: mfumo wa kusajili wanachama wake kwa simu ulianza kutumika mkoani kwetu mwaka 2012, na programu iliyotokana nao, openIMIS, inatumika mpaka Nepal na Kameruni. Vijana wa kompyuta wanajua hilo. Sisi tulioandikishwa chini ya mbuyu hatuambiwi.

Wenye bima ya NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, sehemu nyingi wanahakikiwa kwa alama ya kidole au picha ya uso. Hapo mkulima anapata tabu. Mikono iliyoshika jembe la mtama na mkasi wa kupogolea zabibu miaka yote inakuwa imesuguliwa, mashine haioni mstari. Usikubali kurudishwa nyuma ya foleni kirahisi. Mzee aoshe mikono, aikaushe vizuri, ajaribu kidole kingine, ajaribu mkono wa pili. Ikigoma, omba kwa adabu wamhakiki kwa njia nyingine. Tena, asisaini fomu ya huduma kabla hajapewa huduma yenyewe. Asome, au wewe msomee, ahakikishe kilichoandikwa ndicho alichopata.

Namba ya malipo

Hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie nikiirefusha.

Kwenye hospitali za serikali bili inatoka na namba ya malipo, kontrol namba, yenye tarakimu 12. Unalipa benki, kwa wakala kama mimi, au kwa simu yako mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, kisha unatafuta malipo ya serikali kwenye menyu ya kulipa bili. Isome tatu tatu, na mtu wa pili akufuatilie kwenye karatasi. Skrini ikikuonyesha kiasi kabla ya namba ya siri, simama hapo ulinganishe na bili. Watu wanabonyeza haraka kama wanaofukuzwa.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba namba hiyo ni ya bili hiyo tu. Umelipia kumwona daktari, daktari akiandika vipimo inatoka bili nyingine, na dawa nazo zitakuja na yao. Kwa hiyo usiweke kwenye simu hela ya kumwona daktari peke yake ukadhani umemaliza. Acha na ya makato. Na ujumbe wa malipo usiufute mpaka mmerudi nyumbani. Mtu wa maabara akikwambia haoni malipo kwenye kompyuta yake, ujumbe huo ndio mdomo wako.

Hakuna bili ya hospitali ya serikali inayolipwa kwenye namba ya mtu binafsi. Hakuna. Akija kijana nadhifu akakwambia mfumo umegoma, "ile hela tuma kwenye namba hii", basi sentensi hiyo unaijua tangu kwenye meseji za matapeli, safari hii imevaa shati lililopigwa pasi. Rudi dirishani ukaulize.

Namba yako ya siri usinitajie hata mimi. Wazee wananipa simu na kunitamkia namba kwa sauti huku foleni nzima inasikiliza. Nawarudishia simu wabonyeze wenyewe, hata kama itachukua muda na wa nyuma wananung'unika.

Kama mgonjwa ni mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, au mtoto wa chini ya miaka mitano, lisemwe pale mapokezi kabla bili haijatoka, na kwa mzee uwe na kitambulisho chake cha msamaha wa malipo au barua ya kijiji. Likikwama, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Bili ikishaingia kwenye mfumo, kuitoa ni safari ndefu ya kutoka dirisha hadi dirisha.

Mfumo ukiwa chini

Itatokea. Umeme unakatika, mtandao unasumbua, mhudumu anasema tusubiri. Usiende mjini kula ukarudi mchana, maana mfumo ukirudi wanaitwa waliopo. Uliza kama wanaandika kwa mkono kwa muda. Na mgonjwa akiwa na hali mbaya, mpitishe dharura moja kwa moja, mambo ya kompyuta yafuate nyuma.

Jambo jingine ni kwamba mifumo ya hospitali nyingi bado haisomani. Alichopimwa zahanati ya kijijini au kwenye hospitali ya misheni, daktari wa hapa anaweza asikione kabisa kwenye kompyuta yake. Kabla hamjaondoka kule, omba barua ya rufaa, majibu yaliyochapwa, na kama alipigwa picha omba ripoti yake. Namba ya faili la hapa nayo iandike nyuma ya kadi ya kliniki. Bila hiyo, siku ya marudio unaweza kufunguliwa faili jipya, na historia yote ya presha ikabaki kwenye lile la zamani.

Majibu yakitoka, usiyapige picha ukarusha kwenye grupu la ukoo. Naona watu wanafanya hivyo hapa hapa dirishani kwangu. Grupu lina shemeji, lina majirani waliohamia Morogoro, na picha ikishatoka hairudi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini haitakusaidia kumnyamazisha shemeji. Mpigie simu yule mmoja anayepaswa kujua.

Na kwa walioko mbali na lami

Kuna namba mbili za bure ambazo hazihitaji vocha. Ya kwanza ni 199, ya Wizara ya Afya, kwa maswali na malalamiko. Ya pili ni 115, ya m-mama, na hiyo iwe kwenye simu ya kila nyumba yenye mjamzito. Inahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28, pale hali inapokuwa ya dharura. Anayepokea atakuuliza maswali kuhusu hali ya mama, kisha atatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa.

Mwenye kupiga ajue kutaja kata, kijiji na kitongoji, na alama moja ambayo dereva mgeni ataiona usiku: kanisa, tanki la maji, mashine ya kusaga. Kadi ya kliniki ya mama iwe mkononi wakati unapiga, usiitafute huku mtu anakusubiri hewani. Dereva halipwi na familia. Halmashauri inamlipa kwa simu akishamfikisha mgonjwa, kwa hiyo akikuomba hela ya mafuta njiani, mtaje kwa mhudumu wa kituo mnakokwenda.