Jinsi ninavyokagua jaketi okozi la rubani wa helikopta

Nilijiunga na jeshi la wanamaji la Marekani nikitokea Mombasa, na kazi yangu ni vifaa vya kuwaokoa wafanyakazi wa ndege. Fani hii inaitwa PR, herufi zilizobaki tangu enzi za mafundi wa parashuti, yaani Parachute Rigger. Mafunzo niliyapata Pensacola, Florida. Leo nakuonyesha, mdogo wangu uliyeanza kazi, ukaguzi wa jaketi okozi linalojijaza gesi. Vipimo kamili na siku za ukaguzi vimo kwenye kitabu cha jaketi unaloshika. Kifungue mezani kabla hujagusa zipu.

Hatua ya 1: Zana na usalama

Hesabu zana zako, uziandike. Bisibisi ikisahaulika ndani ya mkunjo itakuja kutoboa mfuko wa hewa. Kisha fungua mtungi wa gesi, uuweke kando. Kama jaketi lina kifaa kinachojifyatua kikigusa maji, nacho kitoe kabla hujafuta chumvi kwa kitambaa kibichi.

Hatua ya 2: Mtungi wa gesi

Hapa sina haraka. Mtungi wenyewe unaenea kiganjani, na ndani mna kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa. Kuutazama hakukwambii kama umejaa. Uweke kwenye mizani ya gramu, ulinganishe na uzito uliogongwa ubavuni mwake. Ukipungua kupita kiasi kinachoruhusiwa, hauna kazi tena.

Halafu geuza shingo, mulika kwa tochi, utazame kibati chembamba kinachoziba mdomo. Kiwe laini, bila mkwaruzo. Pitisha ukucha kwenye hesi, ile mikato ya kukazia mtungi. Ukikwama kwenye kutu, weka mtungi mwingine.

Niliwahi kupokea jaketi kutoka karakana nyingine, karatasi zimejazwa vizuri, sahihi zote zipo. Mtungi uling'aa kama mpya. Kwenye mizani ukawa mwepesi, na nilipomulika shingo nikaona tundu dogo kama la sindano. Ulishafyatuliwa, kisha mtu akaurudisha mahali pake. Rubani alikuwa amelivaa jaketi lile juu ya bahari wiki nzima. Mikono ilinitetemeka. Tangu siku hiyo mtungi naupima mwenyewe, hata ukiletwa na fundi ninayemheshimu.

Hatua ya 3: Kujaza upepo

Tumia pampu yenye geji. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu unyevu wa pumzi hubaki ndani ukaleta ukungu. Jaza hadi kiwango cha kitabu, andika saa na shinikizo, uliache jaketi kwa muda wote uliotajwa. Liweke mbali na jua na feni ya kiyoyozi: chumba kikipoa, geji itashuka hata kama hapavuji, na kikipata joto itakuficha tundu. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio na vali, utafute viputo.

Wakati jaketi limejaa, kagua mshono, madoa ya mafuta na kitambaa kilichopauka.

Hatua ya 4: Mifukoni

Filimbi, kioo cha kuashiria na taa hukaguliwa upesi. Fataki ya MK-124 inataka utulivu. Upande mmoja hutoa moshi wa mchana, mwingine moto wa usiku, na ule wa usiku una vinundu. Mimi huvaa glavu, nikafumba macho, nikavitafuta kwa kidole. Gundi au utepe ukivifunika, mtu aliyemo majini gizani, vidole vimekufa ganzi, hatajua ashike wapi. Soma pia tarehe ya mwisho.

Beikoni, redio ndogo ya kuita waokoaji, ifanyie jaribio lake la ndani tu, isirushe mawimbi ya dharura. Setilaiti husikiliza masafa ya 406 MHz. Beikoni zinazotumia 121.5 MHz pekee ziliacha kusikilizwa na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009.

Hatua ya 5: Kukunja na kukabidhi

Toa upepo wote, funga vali, kunja kwa kufuata alama. Rudisha mtungi kwa mkono hadi ukaze. Hesabu zana tena. Mwite mkaguzi wa pili aangalie kabla hujafunika.

Mwisho namwita rubani alivae. Namwomba afumbe macho atafute vishikio vya kufyatulia gesi, bila kuvivuta, mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto. Akivipata vyote, ndipo natia sahihi.