Kompyuta Imegoma Kuwaka na Unashuku Virusi? Okoa Mafaili Kwanza

Kompyuta ikifika kwenye nembo ya Windows kisha ikajizima na kuanza upya, watu wengi hukimbilia kuifomati. Mimi ni fundi, na mteja akiniambia "ifute tu yote," huwa namsihi asubiri. Windows inawekwa upya kwa muda mfupi. Picha za marehemu mzazi na hesabu za miaka hazirudi.

Hakikisha kwanza kama kweli ni virusi. Diski inayoelekea kufa nayo huleta balaa kama hilo. Ukisikia inagonga ndani, au mashine ikagoma kabla hata ya nembo ya Windows kutokea, shuku kifaa. Nashuku virusi pale ambapo siku chache kabla mashine ilikuwa nzito, antivirusi ilijizima yenyewe, au folda za kwenye flashi ziligeuka kuwa shortcut.

Chomoa waya wa intaneti au uzime Wi-Fi. Kisha tafuta kompyuta nyingine iliyo safi na flashi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. GB 8 zinatosha. Weka humo Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya aina ya Linux inayoendesha kompyuta bila Windows, kisha ichomeke kwenye mashine inayoumwa, uiwashe huku ukibonyeza F12 mfululizo. Nyingine hutumia F9 au Esc. Chagua kuijaribu Linux bila kuisakinisha. Hapo Windows haijaamka, na virusi vyake navyo vimelala. Nakili nyaraka, picha na vilivyo kwenye Desktop uvipeleke kwenye diski ya nje. Usibebe faili lolote linaloishia na .exe, .bat, .vbs, .scr wala .lnk, hata kama jina lake unalifahamu. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli la Windows la diski, wenye tarakimu 48, angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mara nyingi huhifadhiwa huko.

Ukikuta mafaili yamebadilishwa majina na kuna barua inayodai pesa, usilipe wala usifute. Yanakili vilevile yalivyo, kisha angalia kwenye tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Baadhi ya virusi hivyo vimeshapatiwa funguo za bure.

Mafaili yakishakuwa salama, ingia Safe Mode. Washa mashine, nembo ya Windows ikitokea tu shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izimike. Rudia mara mbili au tatu, Windows itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Sasa Windows inaamka na vitu vya lazima tu, na virusi vingi havipati nafasi ya kuamka nayo.

Endesha Microsoft Safety Scanner, programu ya kusaka virusi, uliyoipakua kwenye ile kompyuta safi. Ipakue siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya siku 10 muda wake huisha. Chagua full scan na uwe na subira. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Wakati inafanya kazi, chukua simu yako ubadilishe nywila, ukianza na ya barua pepe kisha ya benki. Virusi vingine huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na usafishaji wowote hauzirudishi.

Usiiachie programu kazi yote. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya Startup, yenye orodha ya programu zinazoamka pamoja na Windows, bofya kulia kila usichokijua na uchague Open file location. Hapa ndipo macho ya mtu yanaposaidia. Kwa mfano, svchost.exe halali, ambayo ni programu ya Windows yenyewe, hukaa ndani ya C:\Windows\System32. Ukimkuta mwenye jina hilohilo ndani ya AppData au Temp, huyo ni mwizi aliyevaa sare ya mlinzi. Mzime, kisha ulifute faili lake.

Safe Mode ikigoma, tumia flashi ya Kaspersky Rescue Disk, ambayo huskani diski bila kuiamsha Windows.

Virusi vikishaondoka huenda mashine ikaendelea kuyumba kwa sababu viliharibu mafaili ya mfumo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika sfc /scannow, amri inayokagua na kukarabati mafaili hayo, uache ifike asilimia 100. Ikianza kuwaka kawaida, ingia Windows Security uendeshe offline scan ya Defender, antivirusi ya Windows yenyewe. Itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijafunguka.

Kirusi kilekile kikirudi baada ya yote haya, mimi huacha kubishana nacho. Natengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta safi, nafuta partisheni (migawanyo) zote za diski na kusakinisha upya. Mafaili ya mteja nayarudisha mwisho kabisa, baada ya kuiskani ile diski ya nje.