Kuitoa tasnifu maktaba na kuifikisha mwaloni

Mwanafunzi wa uzamili wa historia, fasihi au isimu akiambiwa apeleke utafiti wake kwa wananchi, kwa kawaida anaufupisha. Kurasa 120 zinakuwa 12, na bado ni tasnifu ileile. Anayemsaidia amkatalie mapema, amtake alete swali moja tu, la aina ambayo mtu angemwuliza jirani yake.

Tuchukue mfano wa nyimbo za wigashe, ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wamekaa. Kwenye tasnifu pameandikwa: "Utafiti huu unachunguza namna tungo za wigashe zinavyojenga upya kumbukumbu ya kijamii kuhusu uzalishaji wa pamba." Kaa naye, umwulize: nani alifanya nini, wapi, lini? Baada ya nusu saa ya kubishana itatoka: "Wakulima wa pamba waliimba nini juu ya ushirika wao?" Hapo mzee wa Magu au Kwimba ana la kuchangia, kwa sababu VFCU, muungano wa vyama vya wakulima wa pamba ulioanzishwa mwaka 1955, aliusikia nyumbani kwao na si darasani. Nadharia haitupwi. Inabaki kwa mwanafunzi, imsaidie kuchagua wimbo upi aanze nao.

Shughuli ya mwaloni, yaani ufukwe wa ziwa ambako wavuvi hushusha samaki, usiipange bila kutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti tena, na wavuvi hupumzika. Chagua siku mbili tatu za mwezi mpevu, saa 10 jioni, kwani asubuhi wanaoanika dagaa hawana nafasi ya kukusikiliza. Barua ya ukurasa mmoja ifike kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa uongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, wiki mbili kabla. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, hali ni nyingine: wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi Juni, pande mbili za wachezaji, Wagika na Wagalu, zinaposhindana, watu ni wengi lakini ngoma zitaimeza hotuba yoyote. Huko peleka mabango.

Bango moja libebe maneno yasiyozidi 80, herufi za kichwa zisomeke mtu akiwa hatua sita mbali, na katikati yake iwe kama sentimita 150 kutoka chini. Karatasi haifai ufukweni: upepo wa ziwa huipasua kabla ya saa moja kupita. Chapisha kwenye turubai la plastiki, lisilong'aa, lenye vitundu vya kamba pembe zote, na ulitazamishe mbali na jua la jioni.

Kwa redio, dakika tano ni maneno 500 hivi, yasomwe taratibu. Ukirekodi kwa simu, iweke sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge, na uivishe soksi safi kuzuia upepo. Jificha nyuma ya ukuta, mbali na jenereta. Muungurumo wake ukishaingia kwenye sauti hautoki.

Panapoharibika zaidi ni ruhusa. Mwimbaji aliyekubali sauti yake iandikwe kwenye tasnifu hajakubali isikike redioni. Rudi kwake, umsikilizishe kipande chenyewe, umwulize kama atajwe jina, na jibu lake lirekodiwe. Wimbo uanze kwa Kisukuma, tafsiri ifuate, na tafsiri hiyo ipitiwe na wazee wawili kila mmoja peke yake, maana mafumbo ya wigashe humponyoka hata Msukuma aliyezaliwa mjini.

Jaribio la mwisho ni watu watatu wasio wa chuo: mama ntilie, bodaboda, kijana wa sekondari. Usiwaulize "mmeelewa?" Kwa adabu tu watakuitikia ndiyo. Mwambie kila mmoja amsimulie mwenzake alichosikia. Walichoruka wote watatu, kiondoe hata kama msimamizi alikisifu.

Siku yenyewe, weka mezani daftari na kalamu mbili zilizofungwa kamba. Kuna atakayesema ubeti wa pili umekosewa, au kwamba wimbo ni wa kijiji kingine. Mwandikie anachosema ikiwa haandiki, chukua namba yake akikubali, na mwanafunzi amtafute kabla ya kupeleka tasnifu kujalidiwa.