Lebo zinapogongana, kagua mwongozo kwanza

Waweka lebo huipa kila sentensi lebo, kama "chanya" (sifa) au "hasi" (lawama), kwa kufuata mwongozo wa kanuni, ili modeli ya kompyuta ijifunze kutokana nazo. Wawili wakitofautiana, usikimbilie kura ya wengi. Kura hufuta ushahidi, na sentensi iliyowagawanya mara nyingi ndiyo inayoonyesha mahali mwongozo unapojipinga.

Chagua sentensi 100 bila kupendelea. Kila mmoja azifanye peke yake, bila kushauriana. Kisha pima kwa kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati tu, maana asilimia tupu hudanganya. Tuseme wamekubaliana kwenye 90, na kila mmoja ameweka "chanya" 90 na "hasi" 10. Kwa bahati tu wangekubaliana 0.9 × 0.9 + 0.1 × 0.1, yaani 0.82. Kappa ni (0.90 − 0.82) ÷ (1 − 0.82), kama 0.44. Ukihesabu utaona kwa nini: kati ya "hasi" 10 za kila mmoja, wamekutana kwenye 5 tu. Wakiwa zaidi ya wawili, au kila mtu amefanya sehemu tu ya data, tumia alfa ya Krippendorff, kipimo cha aina hiyohiyo.

Sasa zisome zile 10 walizotofautiana, moja moja. Mfano: "Simu nzuri, ila chaji haifiki jioni." Kanuni ya 3 ya mwongozo inasema penye sifa na lawama chagua upande ulioelezwa kwa undani zaidi, kanuni ya 7 inasema fuata maneno ya mwanzo. Wote wawili wametii! Kumfundisha mtu upya hapa ni kumwonea. Andika waziwazi ipi inatangulia: "3 kwanza; 7 pale tu pande zikilingana." Chini yake weka sentensi hiyo na lebo yake, pamoja na mfano mmoja ambapo kanuni ya 7 ndiyo inayoamua.

Zipo sentensi ambazo zina utata zenyewe, na hakuna kanuni itakayozinyoosha. Hizo hifadhi lebo zote zilizotolewa, modeli ijifunze mgawanyo wake.

Kosa linaloharibu kazi kimyakimya ni kubadili mwongozo katikati na kuacha lebo za zamani zilivyo. Kila lebo ibebe namba ya toleo la mwongozo. Kanuni ikibadilika, rudia sentensi zinazoguswa nayo, ukianza na data ya majaribio, yaani sentensi za kuzipima modeli, kwa kuwa makosa ya huko hupotosha ulinganisho wa modeli zote. Halafu pima tena kwa sentensi 100 mpya. Zile za awali wameshazijadili, kappa yake itapanda hata kama mwongozo haujapona.